Kenya: Miti bilioni 15, mbegu zake zitoke wapi?

Mwezi Desemba 2022, Rais William Ruto wa Kenya alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ili eneo lenye miti lifikie asilimia 30 ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Idadi ya miche ndiyo hutajwa zaidi. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia idadi: mbegu zimekusanywa katika msitu upi, na kutoka kwa miti mingapi?

Akiba isiyoonekana

Miti ya aina moja hailingani. Mmoja huvumilia ukame, mwingine hustahimili baridi, wa tatu huwashinda wadudu. Tofauti hizo za kurithi, ziitwazo uanuwai wa vinasaba, ndizo akiba ya msitu: ugonjwa ukizuka au mvua zikibadilika, baadhi ya miti husalimika na kuzaa kizazi kipya.

Mwenye kitalu akiokota mbegu chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara, miche yake yote itakuwa ndugu wa mama mmoja. Huenda ikaota vizuri na kustawi. Hasara hujitokeza baadaye, ndugu hao wanapochavushana na kuzaa miti dhaifu.

Mfano wa muiri

Muiri, ambao jina lake la kitaalamu ni Prunus africana, ni mti wa asili wa misitu ya milimani barani Afrika. Gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi dume. Kwa kuwa miti mingi ilikuwa ikiangamia kwa kubanduliwa gome, tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na Mkataba wa CITES.

Utafiti wa vinasaba umebaini kwamba miiri ya magharibi mwa Uganda ina nasaba ya karibu zaidi na ile ya Afrika Magharibi kuliko ile iliyo mashariki mwa Bonde la Ufa. Miti hiyo hufanana machoni, lakini historia zake ni mbali mbali. Kuhamisha mbegu bila mpango huweza kufuta tofauti zilizojengeka kwa maelfu ya miaka. Isitoshe, mbegu za muiri hazihifadhiki kwa muda mrefu. Kwa hiyo ghala haliwezi kuchukua nafasi ya msitu wenyewe. Miti mama sharti ibaki hai.

Kanuni za ukusanyaji

Wataalamu hushauri mbegu zitoke mahali panapolingana na shamba kwa mwinuko, mvua na udongo. Zikusanywe kutoka kwa miti isiyopungua 30, iliyoachana kwa mita 50 hadi 100, na kila mti utoe kiasi kinachokaribiana. Mti uliosimama pweke uepukwe, kwani huenda umejichavusha wenyewe. Kila mfuko uandikwe aina ya mti, mahali, tarehe na idadi ya miti mama. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye makao yake Muguga, hukusanya na kuuza mbegu ambazo chanzo chake kinajulikana.

Kanuni ya ukaribu nayo ina mipaka. Kipande cha msitu kilichobakiwa na miti michache hutoa mbegu hafifu hata kikiwa jirani. Na kwa kuwa joto linaongezeka, baadhi ya watafiti hupendekeza mbegu za karibu zichanganywe na nyingine kutoka maeneo yenye joto na ukame zaidi.

Suala hili halikomei Kenya. Mlima Elgon, kwa mfano, umegawanywa kati ya Kenya na Uganda, na miche huvuka mpaka kwa urahisi kuliko taarifa zake. Mnunuzi, awe upande wowote, anayo haki ya kumuuliza mwenye kitalu mambo mawili kabla ya bei: mbegu zilitoka wapi, na mama zake walikuwa wangapi.