Kutoka Mtambo wa Chapa hadi Barazani: Habari za Joseph Howe

Mwandishi wa habari aingiapo katika uongozi wa umma, aghalabu husemwa kwamba ameitupa kalamu akafuata cheo. Katika makala haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu mmoja ambaye kalamu yenyewe ndiyo iliyomfikisha barazani, naye ni Joseph Howe wa Halifax, mji mkuu wa Nova Scotia. Nchi hiyo, ambayo leo ni jimbo la Kanada, zamani zile ilikuwa koloni la Waingereza.

Howe alizaliwa mwaka 1804. Shule aliiona kidogo tu. Angali kijana mdogo alishika kazi ya kupiga chapa. Mwishoni mwa mwaka 1827 alilinunua gazeti la Novascotian. Alisafiri koloni zima akikusanya ada za wasomaji na kuandika aliyoyaona njiani, na baraza la kutunga sheria lilipokutana aliketi humo akinukuu mijadala. Hivyo alijifunza namna nchi inavyotawaliwa kabla hajapewa madaraka yoyote.

Siku hizo Halifax haikuwa na madiwani. Mji uliendeshwa na mahakimu walioteuliwa na gavana. Hao ndio waliotoza kodi na kuzitumia, na raia hakuwa na kura ya kuwaondoa. Tarehe 1 Januari 1835 Howe alichapisha barua iliyotiwa saini ya "Watu". Barua hiyo ilidai kwamba kwa muda wa miaka 30 mahakimu na polisi walikuwa wamewatoza wananchi isivyo haki zaidi ya pauni 30,000.

Howe akashtakiwa kwa kashfa. Kwa sheria ya wakati ule, hata kama maneno ni ya kweli, ukweli huo haukuwa kinga. Mawakili aliowaendea walimwambia kuwa hana njia. Basi akaazima vitabu vya sheria, akavisoma, na mwezi wa Machi akajitetea mwenyewe kwa hotuba iliyopita saa sita. Jaji Mkuu aliwaeleza raia 12 walioapishwa kuamua kesi kwamba maandishi yale ni kashfa. Wao walishauriana kwa dakika kama kumi tu, wakamwachilia huru.

Mji mzima ulishangilia. Lakini hapana budi tuupime ushindi huo kwa kadiri yake. Sheria ya kashfa ilibaki vilevile, na watu wa Halifax hawakupata haki ya kuwachagua viongozi wa mji wao. Gazeti liliweza kufichua maovu, wala halikuweza kumwajiri mtu au kumwondoa. Ndiyo sababu Howe aligombea, na mwaka 1836 akachaguliwa kuingia katika baraza la koloni. Mwaka 1841 Halifax ilipata halmashauri ya jiji iliyochaguliwa, ingawa kura ilikuwa ya wanaume wenye mali tu.

Hata hivyo Howe hakuachana na uandishi moja kwa moja. Alipokuwa amejiuzulu serikalini, mwaka 1844 alirudi kwenye meza ya mhariri. Mwaka 1848 Nova Scotia ikawa ya kwanza kati ya makoloni ya Uingereza kupata serikali inayowajibika kwa wawakilishi wa wananchi, na Howe alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Kutoka 1860 hadi 1863 alikuwa waziri mkuu, na sasa ikawa zamu yake kukosolewa na magazeti ya wapinzani.

Katika Kiswahili neno "diwani" lina maana ya mjumbe wa halmashauri, na pia ya kitabu cha mashairi. Twaona si vibaya walimu wenzetu wakiitumia nasibu hiyo darasani. Mwanafunzi aandikaye insha juu ya maji, soko au barabara ya mtaa wake afundishwe kuuliza ni fedha kiasi gani zilizokusanywa, nani alizipokea na zilifanya kazi gani, kisha ayaandike majibu kwa lugha iliyonyooka. Akija kuwa diwani siku moja, atajua kwamba naye ana wajibu wa kuyajibu maswali hayohayo.