Kilo 23: Mzigo wa Msafiri wa Baiskeli

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka Dar es Salaam kwenda Tanga kwa baiskeli, nilibeba mabegi yangu mpaka kwa muuza mchele wa mtaani kwetu, nikamwomba aniwekee kwenye mizani. Akapima, akasoma, akapima tena. Kilo 23.

"Dada, unahama?"

Nikacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Ndani mlikuwa na hema, blanketi, jiko dogo la gesi, sufuria, nguo za siku tano, tyubu mbili, viraka na solushen, pampu, spana, spoku nne za akiba, bandeji, dawa za maumivu, maji lita nne, kamera na vitabu vitatu. Ndiyo, vitabu. Nilijiona nipo kando ya barabara, chini ya mkorosho, nasoma huku upepo unavuma. Anayefungasha mizigo usiku huwa si yule yule atakayeipandisha kilima saa saba mchana.

Kesho yake, nilipofika Bunju, mama muuza uji alinitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, umekosa nauli?" Sikuwa na jibu zuri. Mimi ni mwandishi wa habari, nilikuwa nimejiahidi makala ya safari, na kichwani nilikuwa nimeshaiandika nusu.

Nilifika Bagamoyo jioni, kilomita kama 65 tu, na mwili umeanza kudai. Kidole kidogo na cha pete vya mikono yote miwili vilikuwa vimekufa ganzi. Magoti yaliuma kwa mbele. Kuhusu makalio, tuseme tu kwamba nilikula chakula cha usiku nimesimama.

Baadaye nilikuja kujifunza kwamba hayo yote yana sababu za kawaida kabisa. Ganzi ya vidole hutokana na kuegemea usukani kwa uzito wote, ukabana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Dawa yake ni kubadilisha mkao wa mikono kila mara na kuinua usukani kidogo. Goti linalouma kwa mbele mara nyingi linalalamikia kiti kilichowekwa chini mno, au giya nzito unayoilazimisha kwa ubishi. Michubuko huletwa na jasho na mshono wa nguo. Ndiyo maana kaptura ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Usiku ule nilijua kimoja tu: naumia.

Sikuweza kulala, nikafungua simu kumsoma Thomas Stevens.

Stevens ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia kwa baiskeli. Alizaliwa Uingereza akahamia Marekani, na mwezi wa Aprili 1884 aliondoka upande wa San Francisco akiwa juu ya baiskeli ya Columbia ya aina ya zamani, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. La mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, yaani karibu sentimita 127. Haikuwa na mnyororo wala giya. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe. Na mzigo? Soksi, shati la kubadilisha, koti la mvua alilolitumia pia kama hema na shuka, na bastola. Basi. Nikayatazama mabegi yangu pale ukutani.

Agosti mwaka ule ule aliingia Boston, baada ya kukokota baiskeli kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu barabara hazikuwepo. Mwaka uliofuata alianzia Liverpool, akapita Ulaya, Uturuki, Uajemi, India na China, akamalizia Yokohama, Japani, Desemba 1886. Alikuwa mwandishi kama mimi. Safari yake ilitoka kwa sehemu kwenye jarida la Outing, kisha katika kitabu cha juzuu mbili.

Kilichonigusa ni namna anavyosimulia kuanguka. Baiskeli ile ilimweka mpandaji juu kabisa, karibu sawa na ekseli ya mbele. Gurudumu likigonga jiwe, mtu anarushwa kichwa mbele kupita usukani. Ilitokea mara nyingi kiasi kwamba Waingereza na Wamarekani walikuwa na jina maalumu la kuanguka huko. Stevens anaanguka, anajipangusa, anatania, anaendelea. Maumivu ni kichekesho cha sentensi moja.

Miaka kumi baadaye, Juni 1894, akaondoka Boston mama wa watoto watatu, Annie Cohen Kopchovsky. Kampuni ya maji ya Londonderry ilimlipa dola 100 abebe tangazo lake, naye akalibeba mpaka kwenye jina: dunia ikamjua kama Annie Londonderry. Alianza na sketi ndefu na Columbia ya wanawake yenye uzito wa karibu kilo 19. Kufika Chicago alikuwa hoi. Pale akabadilisha vyote viwili: akachukua Sterling ya wanaume yenye nusu ya uzito ule, na sketi ikampisha suruali pana. Sehemu kubwa ya dunia aliizunguka kwa meli, lakini alimaliza, Septemba 1895.

Annie na Stevens walitofautiana sana mbele ya majeraha. Stevens aliyapunguza, Annie aliyaongeza. Alisimulia kwamba alipigwa risasi katika vita vya China na Japani, na habari nyingine za aina hiyo ambazo waliomchunguza baadaye hawakuziamini. Ila jeraha lake moja la kweli halikuwa na ushujaa wowote: huko Iowa, karibu na mwisho wa safari, aligongana na kundi la nguruwe akavunjika kifundo cha mkono. Vita anavitunga mtu. Nguruwe hawa sidhani kama kuna ambaye angejitungia.

Kati ya safari hizo mbili kulikuwa na tofauti ambayo haikumo kwenye mabegi. Stevens alipanda tairi za mpira mgumu, zisizo na upepo ndani. Kila jiwe alilihisi kwenye meno. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameshapata wazo hilo tangu 1845, lakini likasahaulika. Safari hii halikusahaulika. Ndani ya miaka michache kila mwenye baiskeli alitaka kukalia upepo.

Mpandaji wa siku nyingi atakuambia kwamba tairi ndicho kifaa cha kwanza cha kulinda mwili. Kabla hujanunua kiti cha bei mbaya, punguza upepo kidogo, weka tairi pana. Mikono, mgongo na makalio vitapumua. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kumshukuru kwa kuwa nilifika Bagamoyo na vidole vyenye ganzi tu, ni Dunlop.

Lakini upepo lazima ushikwe na kitu, na kitu hicho ni mpira. Katika miaka ya 1890 mpira ulitoka kwa wingi Amazon, na pia Kongo, ambako ulikamuliwa kutoka kwenye mimea pori inayotambaa juu ya miti. Kongo wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira, na wasiokifikisha walipigwa, wake zao walishikwa mateka, watu waliuawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi uliokubalika ulikuwa mkono uliokatwa. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo na nyingine zilizunguka Ulaya na Marekani, kelele zikapanda, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia nchi ile serikali ya Ubelgiji.

Sisemi kwamba kila tairi la wakati ule lilitoka Kongo. Nasema kwamba nilipolala pale nikiyakanda mapajani mikono yangu iliyokufa ganzi, nilikuwa nimeshasoma vitabu kadhaa vya safari za baiskeli, na hakuna kati ya hivyo kilichokuwa kimenikumbusha mikono hiyo mingine.

Kamba iliyoniunganishia mambo haya ilikuwa Stevens mwenyewe. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Henry Morton Stanley. Stanley huyu ndiye aliyemfungulia Leopold njia ya Kongo kati ya 1879 na 1884. Sasa alikuwa amepotelea barani katika safari ya kumwokoa Emin Pasha. Kwa safari hiyo Stanley aliandikisha zaidi ya watu 600 Zanzibar, na waliorudi hawakufika nusu.

Stevens naye akafanya kama wageni wote: akaandika wapagazi. Mtu aliyeivuka Marekani na shati moja la akiba sasa alikuwa na msafara. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, juu ya kichwa au begani, siku baada ya siku. Alikutana na Stanley msafara ulipokuwa unakaribia pwani, mwishoni mwa 1889, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Pwani waliyoiendea ni hii hii ya Bagamoyo nilikokuwa nimelala, mji ambao wengi husema jina lake ni la wapagazi, mahali pa kubwaga moyo.

Kilo 32. Mimi nilikuwa nalalamikia 23, tena zikiwa juu ya magurudumu.

Siku ya pili nilishika barabara ya Msata. Nilikuwa nimeshapita Kiwangwa, mananasi yamepangwa kando ya njia, mzigo unayumba kwa sababu nilikuwa nimefunga vizito juu na vyepesi chini. Basi lilinipita karibu mno likipiga honi. Nikakimbilia ukingo wa lami, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye kidato cha changarawe, nikaenda chini na bega la kushoto. Nilisikia kitu kikilia ndani. Ulikuwa mtulinga.

Aliyenifikia kwanza ni mzee aliyekuwa akikokota Phoenix yenye magunia matatu ya mkaa. Aliiegemeza kwenye gogo lake la kuisimamishia, akaja.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiwa chini. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Marahaba, binti. Usiinuke. Pumua kwanza."

Aliuliza kama nimegonga kichwa, kama naona vizuri. Akaichukua kanga yangu, akaufunga mkono kifuani vizuri kuliko ambavyo ningeweza kufanya na bandeji zangu zote, ambazo zilikuwa chini kabisa ya begi. Kisha akaitazama keria yangu iliyovunjika, akatoa mfukoni ukanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaikaza mara mbili tatu. Magunia yake yote yalikuwa yamefungwa kwa kanda za namna hiyo.

"Kamba ya dukani inalegea," akasema. "Mpira unashika. Na vizito viweke chini, binti. Mzigo ukicheza, utakuangusha."

Akasimamisha Fuso la mananasi lililokuwa linarudi Bagamoyo, akasaidia kupakia baiskeli, akaenda zake akiwa ameinama nyuma ya magunia.

Nilikaa nyumbani wiki nyingi na mkono umefungwa. Mhariri alipiga simu, akaomba kisa cha ushujaa, msichana peke yake barabarani. Nilijaribu. Toleo la kwanza lilikuwa la Stevens: nimeanguka, nikacheka, nikajipangusa. La pili lilikuwa la Annie, basi limekuwa kubwa zaidi na dereva ana macho mekundu. Nikayafuta yote mawili.

Kwa anayejiandaa kusafiri, nimejifunza haya. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, Mfaransa aliyejiita Vélocio na kupigania giya wakati wakubwa wa Tour de France walizikataa hadi 1937, alishauri mtu ale kabla hajasikia njaa, anywe kabla hajaona kiu, apumzike kabla hajachoka. Ni kweli tupu. Chagua magurudumu ambayo tyubu zake zinauzwa vijijini. Weka dawa juu, vizito chini. Ukipima mzigo, toa nusu, pima tena. Safari ijayo nitaondoka na kilo 11, na kitabu kimoja.

Ila kuna kitu mizani ya mchele haikukipima. Najua kipenyo cha gurudumu la Stevens. Najua uzito wa Sterling ya Annie na mwaka wa hataza ya Dunlop. Mzee aliyenifunga mkono nilimshukuru, nikamwamkia hata nikiwa nimevunjika, na mimi ndiye ninayelipwa kuuliza watu maswali. Sikumuuliza jina.

Ukanda wake wa tyubu bado uko kwenye keria yangu. Haujalegea.