Pengo si Mwanya

Kiingereza kina neno "indent", na mfasiri wa Kiswahili akikutana nalo hana budi kusimama. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya jino. Zamani huko Uingereza mkataba uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa meno-meno, kila upande ukachukua kipande chake. Ukizuka ubishi, vipande viliwekwa pamoja: meno yakilingana, mkataba ni halali. Humo ndimo lilimotoka jina la Kiingereza, "indenture", la mikataba ya vibarua walioletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kati ya 1896 na 1901. Neno likazidi kutanuka: likawa hati ya kuagiza bidhaa ng'ambo, ukingo uliochongwa, kishimo kilichobonyezwa kwenye chuma, na nafasi inayoachwa mwanzoni mwa aya.

Ni rahisi kuzitupa maana hizi zote kwenye kapu la "pengo". Tukifanya hivyo tutapoteza tofauti ambayo lugha yetu inaitunza vizuri kuliko Kiingereza.

Pengo na mwanya vyote vimezaliwa kinywani. Jino liking'oka, panabaki pengo. Meno ya mbele yakiota yameachana, huo ni mwanya, na wengi wanauhesabu kuwa urembo. Ndiyo maana marehemu huacha pengo lisilozibika, wala hakuna anayesema ameacha mwanya. Na mkutanoni mtu hutafuta mwanya wa kusema. Pengo la kusema halipo. Pengo huonyesha kwamba kuna kitu kimeondolewa, na mwanya kwamba nafasi imeachwa.

Twende Kinsevere, mgodi wa shaba ulio kaskazini mwa Lubumbashi nchini Kongo, tuone kama tofauti hii ina kazi. Tangu 2011 kiwanda chake kimekuwa kikitoa shaba bila tanuri la kuyeyushia. Madini husagwa na kulowekwa katika asidi, maji yenye shaba husafishwa, kisha umeme huigandisha shaba juu ya mabamba yaliyoning'inizwa ndani ya matangi. Katika viwanda vya aina hii, anodi, yaani mabamba ya risasi, na katodi, yaani mabamba yanayopokea shaba, hupangwa kwa kupokezana. Vyuma vinavyozibeba hukalia mapengo yaliyochongwa kwenye ubao wa kuhami umeme ulio ukingoni mwa tangi. Kutoka katikati ya katodi moja hadi katikati ya nyingine ni karibu sentimita 10.

Mapengo yale yapo ili mwanya uwepo kati ya mabamba. Bamba likipinda, au shaba ikiota vinundu vikafika upande wa pili, mabamba hugusana. Umeme hupita njia ya mkato, joto hupanda, na shaba huacha kuganda inavyotakiwa. Pengo lililoziba huondoa bamba mahali pake. Mwanya uliozibwa huharibu kazi ya tangi.

Nafasi iliyoachwa ina kazi hata nje ya kiwanda. Mashariki mwa Kongo hiyohiyo, huko Ishango karibu na Ziwa Edward, mwaka 1950 mwanajiolojia Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mistari iliyochanjwa miaka ipatayo 20,000 iliyopita. Wataalamu wanabishana juu ya maana yake, lakini ubishi wenyewe umewezekana kwa sababu chale zile zimepangwa kwa mafungu. Mkono uliochanja uliacha pia nafasi kati ya fungu na fungu. Bila nafasi hizo, tusingekuwa na mafungu ya kuhesabu.

Kwa hiyo napendekeza tugawe. Palipochongwa pawe pengo. Nafasi ya mwanzo wa aya iwe mwanya, kwa kuwa hakuna herufi iliyong'olewa pale. Alama inayoachwa na tufe gumu juu ya chuma katika kipimo cha ugumu cha Brinell iwe mbonyeo, kwani chuma hakikukatwa, kimebonyea tu. Na hati ya biashara ibaki kuwa hati ya kuagiza bidhaa. Maneno haya yakiandikwa hivyo kwenye miongozo ya kazi, fundi wa Lubumbashi akisoma "safisha mapengo, linda mwanya" atajua kwamba ameagizwa kazi mbili, na kila moja mahali pake.