Stima ya Jinja, Mafuta ya Mombasa

Stima ikipotea usiku, Mkenya huchungulia dirishani kwanza. Akiona kwa jirani pia ni giza, roho inatulia: kumbe si mimi peke yangu. Lakini mwaka 1976 kulikuwa na jirani mwingine wa kuchunguliwa, na mambo yalikuwa mazito kuliko token zilizoisha.

Tarehe 15 Februari mwaka huo, Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya, kutoka magharibi hadi karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda. Wengi walicheka, ila hakuokota jambo hilo hewani. Mwaka 1902 Waingereza walichukua mkoa wa mashariki wa Uganda, uliofika hadi Naivasha, wakauunganisha na upande wetu ili reli yao yote iwe chini ya utawala mmoja. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Sasa Amin alikuwa anadai ramani ile ya zamani, na Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitatoka.

Halafu ikaja Entebbe. Usiku wa kuamkia Julai 4, makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wa ndege ya Ufaransa, na wakirudi kwao wakatua Nairobi kujaza mafuta. Amin akaona Kenya imemsaliti. Wakenya walioishi Uganda ndio waliolipa: wengi waliuawa, wengine wakakimbia na nguo walizovaa.

Hebu tuangalie Kenya ilijibu vipi. Haikuvuka mpaka na vifaru. Uganda haina bahari, na mafuta yake yalipitia Mombasa, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe. Serikali ikadai madeni yalipwe, tena kwa shilingi ya Kenya, na mafuta yakazuiwa. Kifaru bila dizeli ni chuma tu. Agosti haijaisha, pande mbili zilikuwa zimeshatia saini makubaliano jijini Nairobi.

Tukisimulia kisa hiki huwa tunaishia hapo, kwa majigambo. Tunasahau kwamba kamba ile ilikuwa na ncha mbili. Tangu miaka ya 1950 Kenya ilikuwa ikinunua umeme kutoka bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954. Tulishika mfereji wa mafuta wa Amin, naye akashika swichi yetu.

Kenya ikajijenga. Mto Tana ulikuwa na Kamburu tangu 1974. Gitaru ikafuata 1978, na Masinga 1981. Tukaamini tumejitosheleza. Kisha mvua ikakataa. Ukame wa 1999 na 2000 ulishusha maji ya mabwawa hayo hadi nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Viwanda vikasimama, vinyozi wakafunga, watoto wakasomea koroboi. Adui huyu hakutangaza lolote redioni, wala hakukuwa na mtu wa kumzuilia mafuta. Kilichotusaidia baadaye ni mvuke wa Olkaria, ulioanza kutoa umeme 1981, kwa sababu joto la ardhini halingoji masika.

Leo tunanunua umeme tena kwa jirani. Tangu 2022 tunauchukua Ethiopia, kwa mkataba wa miaka 25. Si vibaya, bei yake ni nafuu na unatoka kwa maji. Lakini bwawa kubwa la Gibe III, lililozinduliwa 2016, limejengwa kwenye mto Omo, na Omo ndio unaolisha Ziwa Turkana kwa sehemu kubwa. Nairobi inahesabu megawati, mvuvi wa Turkana anahesabu hatua kutoka kwake hadi majini.

Waliokaa mezani mwaka 1976 walijua kila upande umeshika nini. Mkataba wa stima wa leo nao ni suala la usalama, na mvuvi yule anastahili kiti kwenye meza hiyo, asije akaachwa nje kama wenyeji wa 1902.