Nathari Kabla ya Riwaya: Waandishi wa Kiswahili wa Mwanzo wa Karne ya 20



Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama ilivyofundishwa mashuleni na vyuoni kwa miaka mingi, ina pengo mahali pamoja. Ushairi huelezwa kuanzia mbali: Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, kisha Mwana Kupona wa Pate, kisha Muyaka wa Mombasa, hadi tunapofika kwa Shaaban Robert. Nathari haina bahati hiyo. Huelezwa kana kwamba ilizaliwa mwaka 1934, James Mbotela alipochapisha Uhuru wa Watumwa. Miaka ya nyuma yake hupewa aya moja tu: wamisionari walitafsiri, Wajerumani walikusanya, magazeti yakaanzishwa. Nakusudia leo kukaa ndani ya aya hiyo, kwa sababu naamini kwamba baadhi ya nathari bora kabisa ya lugha yetu imefichwa humo, na kwamba imefichwa kwa sababu tunayoweza kuieleza.

Sababu yenyewe ni majina yaliyo juu ya majalada. Safari za Wasuaheli, kilichotoka Göttingen mwaka 1901, kimeandikwa jina la Carl Velten. Desturi za Wasuaheli, cha mwaka 1903, vivyo hivyo. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, yalitolewa na Heinrich Brode katika jarida la chuo cha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mtu anayezitafuta kazi hizi maktabani huzipata kwenye rafu za ethnografia au za historia ya ukoloni. Ni mara chache azikute kwenye rafu ya fasihi.

Nianze na Tippu Tip, ambaye hakuhitaji mtu wa kumtetea. Brode alikuwa akifanya kazi katika ubalozi mdogo wa Ujerumani hapo Unguja, na ndiye aliyemhimiza mzee yule aandike habari za maisha yake. Tippu Tip akaandika kwa Kiswahili. Brode akayatoa kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwandishi alifariki Unguja mwaka 1905, muda mfupi baada ya kazi yake kuchapishwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki walisubiri hadi miaka ya 1950, ambapo W. H. Whiteley aliitoa upya chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Tukiyasoma Maisha hayo leo, jambo la kwanza linalotushangaza ni jinsi mwandishi asivyojieleza. Hasemi alizaliwa wapi wala alilelewaje. Anaanza na biashara: alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alianza kusafiri safari fupi za kununua sandarusi. Kuanzia hapo maisha yake ni hesabu ya safari, mikopo, frasila za pembe, na vita. Sentensi zake ni fupi, zimefungamana kwa viambishi vya kusimulia, na hazina mapambo hata kidogo. Mtu aliyezoea nathari ya Shaaban Robert, yenye mizani na methali, ataiona kavu. Mimi naiona kuwa ni nathari ya mfanyabiashara anayesimulia barazani mbele ya wenzake wanaojua njia, majina ya watu, na bei. Hana haja ya kuwafafanulia.

Tazameni namna anavyoeleza jinsi alivyopata utawala wa Utetera. Alisikia kwamba mtawala wa huko, mzee Kasongo, aliwahi kunyang'anywa dada zake zamani. Akatunga nasaba: akajidai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wa dada hao, hivyo ni damu ya mzee. Mzee akamwamini, akamwachia nchi. Mwandishi wa tawasifu ya Kizungu wa zama hizo angetafuta namna ya kujitetea, au ya kujisifu. Tippu Tip hafanyi lolote kati ya hayo. Anausimulia uongo wake kwa sauti ile ile anayotumia kuhesabia pembe, na msomaji ndiye anayebaki na mzigo wa kuhukumu. Wahakiki wengine wameiita sauti hiyo ukatili. Huenda ni kweli, lakini ukatili wa mtu na ubora wa usimulizi wake ni mambo mawili, na mwanafunzi wa fasihi lazima ajifunze kuyatenganisha bila kulisahau hata moja. Watu waliobeba pembe zile hawana majina katika kitabu chake, isipokuwa pale wanapotoroka au kufa kwa wingi kiasi cha kuharibu safari. Nitarudi kwao.

Mtoro bin Mwinyi Bakari ni mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mwalimu wa Bagamoyo, msomi wa chuoni kwa maana ya zamani ya neno chuo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1887 kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari. Velten alikuwa mkuu wake huko. Katika Safari za Wasuaheli Mtoro ana simulizi ya safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Katika Desturi za Wasuaheli yeye ndiye mwandishi mkuu, na Velten mwenyewe anakiri mchango huo katika utangulizi. Kwenye jalada, hata hivyo, anabaki Velten peke yake. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ndiyo iliyolirudisha jina la Mtoro mahali pake.

Desturi kinaanza na uzazi na malezi, kikapita katika chuo, jando, unyago, ndoa, ngoma, pepo, biashara ya bara, utumwa, sheria, na mazishi. Kwa mpangilio huo kinaonekana kama jibu la maswali ya Mzungu: mnafanyaje mtoto akizaliwa? Mnafanyaje mtu akifa? Na bila shaka maswali hayo yalikuwapo. Lakini katika kujibu, Mtoro huteleza kutoka kwenye kanuni akaingia kwenye kisa. Anaeleza desturi ya posa, na mara tunawasikia watu wakisemezana: mshenga anabisha hodi, baba anajivuta, mama anaulizwa. Maneno yanapokewa na kurudishwa kama yanavyorudishwa ukumbini hadi leo. Msomaji wa Berlin alipewa maarifa. Msomaji wa Mrima, kama angelipata kitabu hiki wakati ule, angelisikia watu anaowajua.

Yaliyompata Mtoro huko Ujerumani yanastahili kuelezwa, maana yanahusu jinsi kazi yake ilivyosahauliwa. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske. Darasani, baadhi ya wanafunzi, maofisa watarajiwa wa koloni, walimvunjia heshima. Chuo hakikumpa himaya aliyoitaka, naye akaiacha kazi mwaka 1905. Akafunga safari ya kurudi nyumbani pamoja na mkewe. Walipofika Dar es Salaam serikali ya koloni ikakataa mkewe asishuke pwani, kwa hofu ya ndoa ya aina hiyo kuonekana katika nchi iliyotawaliwa. Wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg pamoja na Carl Meinhof, kisha akaishi Berlin akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, hadi alipofariki mwaka 1927. Mtu aliyeandika kitabu kamili kuliko vyote juu ya maisha ya Mrima hakupata kuiona tena Bagamoyo.

Pembeni ya Mtoro, katika kitabu kile cha safari, yumo Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Simulizi yake ni fupi, na sitaikalia sana. Yatosha kusema kwamba ni nadra katika maandishi ya zama hizo kumkuta Mwafrika akiwatazama watu wa kaskazini, mavazi yao, vyakula vyao na ibada zao, kwa udadisi ule ule ambao Wazungu walitutazama nao. Wanafunzi wangu huipenda kuliko zote. Siwalaumu.

Sasa niugeukie utenzi, maana kazi kubwa ya kishairi ya miaka hiyo nayo ilipata hatima inayofanana. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi unasimulia vita vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905 na kuenea kusini yote hadi mwaka 1907, vita ambavyo, pamoja na njaa iliyofuata, viliua watu kwa makumi elfu, na kwa makadirio mengine hata laki kadhaa. Ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933 na A. Lorenz, kisha ukatolewa upya mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley.

Wakati wa hamasa ya uhuru na baada ya Azimio la Arusha, utenzi huu uliwatia watu kigugumizi. Walitaka sauti ya waliopigana, wakapata sauti ya msomi Mwislamu wa mji wa pwani asiyewaunga mkono wapiganaji, anayewaona waganga wa maji kuwa wametia watu upotevuni. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alilazimika kuijenga upya sauti ya upande wa pili, na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Walifanya vema. Lakini kumtupa Abdul Karim kwa kuwa hakusimama tulipotaka asimame ni kosa la usomaji. Utenzi wa kale wa vita vya dini ulimpa muundo, na katika muundo huo walio sahihi hushinda kwa sababu Mungu yu pamoja nao. Hapa washindi ni Wajerumani. Mshairi hawezi kuwafanya mashujaa wa imani, wala hataki kuwafanya waasi kuwa hivyo. Matokeo yake ni utenzi wa vita usio na shujaa, na sidhani kwamba jambo hilo lilimtoka bila yeye kulihisi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, aliyetunga juu ya kutekwa kwa Mrima kizazi kimoja kabla yake, bado aliweza kuwaombolezea watu wa pwani kama watu wake. Abdul Karim aliandika baada ya mlango huo kufungwa.

Hapo katikati yalikuwapo magazeti: Msimulizi la wamisionari wa Unguja tangu 1888, Kiongozi la shule ya serikali Tanga, kisha Mambo Leo tangu 1923. Ndiyo yaliyowafundisha watu wa bara kuandika barua, mashairi na habari kwa herufi za Kirumi. Yanahitaji mhadhara wao peke yao.

Nilisema nitawarudia wapagazi. Waandishi hawa wa nathari wanagusa jambo moja kutoka pande mbalimbali, nalo ni utumwa. Kwa Tippu Tip, mtumwa ni sehemu ya mali na ya msafara. Kwa Mtoro, muungwana wa mji, utumwa ni utaratibu wenye daraja na majina yake: kuna mzalia aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, kuna mjinga aliyeletwa karibuni kutoka bara, na kila mmoja ana haki zake na makatazo yake. Anaziandika kanuni hizo kwa uwazi ambao hakuna hati ya Mzungu iliyoufikia, kwa kuwa anazijua kama mtu anavyoijua adabu ya nyumbani kwake. Lakini anazijua kutoka upande wa juu.

Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, akalelewa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa. Wahakiki wa miaka ya 1970 walimshutumu kwa sifa anazowamiminia Waingereza, na shutuma hiyo ina msingi. Kurasa nyingi za Uhuru wa Watumwa zinasomeka kama shukrani iliyoandikwa kwa ajili ya mfadhili. Hata hivyo, tukimsoma baada ya Tippu Tip na Mtoro, badala ya kumsoma kama mwanzo wa kila kitu, tunaona jambo alilolileta ambalo wao hawakuwa nalo. Katika kitabu chake kijiji kinavamiwa usiku, watu wanafungwa, wanatembezwa hadi pwani, wanapakiwa majahazini. Na safari hii msimulizi yumo ndani ya mnyororo pamoja nao, akiwaita kwa majina.