Jaji Anatoka Wapi?

Hapa kwetu Malangali mtu akishindwa kesi ya shamba huapa kwamba atafika hadi Mahakama Kuu. Leo anaweza, maana Mahakama Kuu ipo hapa hapa Sumbawanga. Zamani za Mwingereza kiapo hicho kingekuwa bure. Wiki hii nataka tutazame sababu yake, na majaji wa wakati ule walitoka wapi.

Kwao Uingereza, jaji alichaguliwa miongoni mwa mawakili waliosimama mahakamani miaka mingi. Hoja yao ilikuwa nzuri. Wakili wa kujitegemea huitetea serikali leo na kuipinga kesho, wala haishi kwa mshahara wake. Akipewa ujaji, hana wa kumwogopa.

Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1920, na majaji wake nao walikuwa wanasheria waliofuzu Uingereza. Lakini wengi wao walikuwa watumishi wa serikali za makoloni, wakipanda vyeo kwa kuhamishwa. Sir Sidney Abrahams alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda, akaletwa Tanganyika mwaka 1934, na mwaka 1936 akapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Simsemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba anayengojea uhamisho na cheo ana bwana wake. Tena mwaka 1953 mahakama ya London iliamua, katika kesi ya mtu aliyekuwa jaji Malaya, kwamba jaji wa koloni alishika kazi kwa ridhaa ya Mfalme tu.

Hata hivyo, jaji huyo alikuwa afadhali, kwa kuwa alidai ushahidi. Mwananchi wa kawaida hakumfikia. Mwaka 1929, chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ilizitoa mahakama za wenyeji katika usimamizi wa Mahakama Kuu. Rufaa ilitoka huko ikaenda kwa Bwana Shauri, ikapanda kwa Mkuu wa Jimbo, ikaishia kwa Gavana. Bwana Shauri ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyemsimamia chifu, na ndiye aliyesikiliza rufaa. Wakili hakuruhusiwa kukanyaga humo. Kesi ya ngedere, hakimu nyani!

Tume ya Bushe, iliyoundwa mwaka 1933, ilitaka kesi nyingi zaidi za jinai ziende kwa majaji na mahakimu waliosomea sheria. Watawala walipinga, wakidai wao ndio wanaowajua wenyeji. Lakini kumjua mtu si kumtendea haki. Hata mwizi humjua anayemwibia.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja. Leo jaji huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Katiba inataka awe na shahada ya sheria na uzoefu wa miaka isiyopungua kumi, katika uhakimu, utumishi wa umma au uwakili. Wala haondolewi bila uchunguzi.

Basi majaji wapya wakitangazwa, tusiulize kama yumo mtu wa kwetu. Tuulize: huyu aliwahi kusimama mbele ya mkubwa akamtetea mnyonge? Aliyezoea hilo kabla ya kuvaa joho hatalisahau akishalivaa.