Kutoka .zr mpaka .cd: jina likibadilika, kitambulisho je?

Likasi hii yetu, wazee wengi bado wanaiita Jadotville. Jina hilo lilitoka kwa injinia Mbelgiji Jean Jadot, na wakati wa Mobutu likaondolewa. Lakini mwanafunzi anayetafuta leo habari za Septemba 1961, wakati askari wa Ireland wa ONU walizungukwa hapa, akiandika "Likasi" peke yake, mengi yatamponyoka. Muji ni uleule, ila makaratasi yanajua jina la zamani.

Hiyo ni hasara ndogo, sababu mtu anaweza kuuliza mzee. Mashine haiulizi.

Mwezi wa tano 1997, Laurent-Désiré Kabila alirudisha jina la Kongo. Zaire, iliyoanza 1971, ikaisha. Kwenye intaneti nchi yetu ilijulikana kwa herufi mbili, ZR. CG tayari ilikuwa ya Brazzaville, basi sisi tukapata CD. Hawakufuta .zr siku ileile. Ni mwaka 2001 njo iliondolewa kabisa, na toka hapo anwani yoyote ya .zr haifungui kitu. Sasa angalieni namba ya simu: 243 ilikuwa ya Zaire, na mpaka leo njo yetu. Haikubeba jina la utawala wowote, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuigusa.

Mimi nilisoma agronomia, na kwetu pia mbegu inapata namba mbele ya jina. Muhogo TME 419, wakulima wengi wa Kongo wanauita Obama. Jina lilikuja baadaye, namba ikabaki.

Njo maana ninawaambia wenzangu wanaotengeneza viendelezi, zile programu ndogo za kuongeza kwenye Chrome ao Firefox. Chrome inakipa kila kiendelezi kitambulisho cha herufi 32, kuanzia a mpaka p, kinachotokana na ufunguo wa wazi wa kiendelezi. Ukiwa bado unakijaribu bila ufunguo huo, Chrome inatumia njia ya folda yako. Ukihamisha folda ao ukipeleka kazi kwa rafiki, kitambulisho kinageuka. Ukikitangaza kwenye duka, unapata kingine tena. Dawa iko: chukua ufunguo wa wazi kwenye ukurasa wa duka, uuweke kwenye faili manifest.json, sehemu ya "key". Hapo kitambulisho cha majaribio na cha dukani kinakuwa kimoja. Kwa Firefox unaweza kukiandika mwenyewe, kwa mufano wa anwani ya barua pepe.

Kwa nini kujisumbua hivi? Sababu vyote vinafungwa pale: data ambayo watumiaji walihifadhi, masasisho, na seva inayokubali kitambulisho kimoja tu. Ukipoteza akaunti ya duka, utatangaza upya na kitambulisho kipya, na watu wako wote watabaki kwenye cha zamani bila masasisho. Dola ilikuwa na miaka kadhaa ya kuhama kutoka .zr. Mwanafunzi wa Likasi mwenye watumiaji mia mbili hana nafasi hiyo.

Jina na picha, badilisheni mara mingi munavyotaka. Kitambulisho mukiamue mapema, na akaunti ya duka watu wawili waweze kuifungua.